Ukibadili Injini ya Lori, Pima Kwanza Ekseli ya Mbele

Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa magari. Aliyatoa mbele ya wakulima wa mahindi na viazi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe. Wakulima hao wana lori lao la tani 7. Injini yake imechoka, nao walitaka kununua injini kubwa zaidi. Tumeyaandika kama alivyosema.

  

 Mwenyekiti wenu ameniambia hivi: lori letu halina nguvu tena. Likifika mlimani linalia, linatoa moshi, na linakula oili kama mtoto anavyonyonya. Tumepata injini ya lori kubwa. Ina nguvu mara mbili. Bei yake tunaimudu. Je, fundi, utatufungia?

Ndugu zangu, jibu langu leo si ndiyo, wala si hapana. Jibu langu ni hili: tupime kwanza. Na kabla ya kupima, nataka niwaambie kwa nini naogopa.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Mwaka 1996 nilikuwa kijana, nafanya kazi ya ufundi. Akaja mzee mmoja na lori la tani 7 kama hili lenu. Injini ilikuwa imekufa kabisa. Alikuwa na injini nyingine, ya lori kubwa lililopinduka. Akasema, "Nifungieni hii."

Tukaifunga. Tulikata chuma hapa, tukachomea pale. Radieta tukaisogeza mbele, maana injini ilikuwa ndefu. Siku tuliposhusha jeki, lori lilinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Tukacheka. Tukaongeza majani mawili ya springi kila upande. Lori likasimama sawa. Tukaona kazi imekwisha.

Yule mzee alifurahi sana. Lori lake lilipanda mlima Kitonga likiyapita malori mengine. Lakini mwezi wa tatu matairi ya mbele yalianza kulika upande mmoja. Tukabadili matairi. Mwezi wa nne kingipini zikalegea. Tukabadili kingipini. Dereva akasema, "Usukani ni mzito, na breki za mbele zinapata moto sana." Tukamwambia atazoea.

Mwezi wa tano lori lilikuwa linashuka Kitonga, limejaa viazi. Dereva akafunga breki. Gurudumu la kushoto likaingia shimoni. Ile stabu ekseli, yaani chuma kinachoshika gurudumu la mbele, ikakatika kwenye shina. Gurudumu likaenda zake. Mungu akasaidia, lori likaegemea upande wa mlima, halikwenda upande wa bonde. Lakini utingo aliumia. Mguu wake ulivunjika vibaya. Mpaka leo anachechemea, na mimi kila nikimwona naangalia chini.

Baadaye nilikwenda kuliangalia lile lori. Nikafuta vumbi mlangoni. Pale palikuwa na kibao kidogo cha bati. Kimeandikwa uzito ambao ekseli ya mbele inaweza kubeba. Ndugu zangu, mimi kusoma nilikuwa najua. Ila sikukisoma kile kibao. Hatukuandika hata namba moja katika kazi ile yote. Ndiyo sababu leo nimekuja na daftari.

NGUVU NI KITU KIMOJA, UZITO NI KITU KINGINE

Watu wengi husema injini kubwa ilivunja ekseli kwa sababu ya nguvu zake. Sivyo. Katika lori la kawaida, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu ya injini haipiti kwenye ekseli ya mbele. Inapita kwenye klachi, gia boksi, propela shafti, difu, mpaka magurudumu ya nyuma. Vyombo hivyo ndivyo vinavyoumia nguvu ikizidi.

Ekseli ya mbele kazi yake ni nyingine. Inabeba uzito, inapinda kona, na inasaidia kufunga breki. Kwa hiyo injini mpya ikija, ekseli ya mbele haiulizi, "Una nguvu ngapi?" Inauliza, "Una kilo ngapi?"

Na kilo zinatofautiana sana. Chukueni injini ya Perkins 6.354. Ina silinda 6 na ukubwa wa lita 5.8. Uzito wake ni karibu nusu tani. Chukueni tena Cummins NT855. Nayo ina silinda 6, lakini ni ya lita 14. Uzito wake unapita tani nzima. Zote ni silinda 6! Mtu akikwambia, "Hii ni silinda 6 kama ile yako," usikubali upesi. Uliza kilo.

UZITO UNAVYOGAWANYIKA

Hebu fikirini watu wawili wanabeba ndoo kubwa kwa mti. Mmoja yuko mbele, mwingine nyuma. Ndoo ikiwa katikati, kila mtu anabeba nusu. Ukiisogeza ndoo mbele, wa mbele anaumia na wa nyuma anapumua. Tuseme mti una urefu wa hatua 4. Ndoo iko hatua 1 kutoka kwa mtu wa mbele. Basi wa mbele anabeba sehemu 3, na wa nyuma sehemu 1.

Lori ni vilevile. Mtu wa mbele ni ekseli ya mbele. Mtu wa nyuma ni ekseli ya nyuma. Injini inakaa karibu sana na mtu wa mbele. Kwa hiyo karibu uzito wake wote ni wa ekseli ya mbele. Na injini ikitokeza mbele ya ekseli, mambo ni mabaya zaidi. Hapo ekseli ya mbele inabeba uzito wote wa kile kilichotokeza, na zaidi, maana kinainua nyuma kidogo kama mzani.

Mzigo wa mahindi unakaa karibu na mtu wa nyuma. Lakini na wa mbele anapata sehemu yake. Msimsahau.

HESABU YA LORI

Sasa chukueni kalamu. Nitatoa mfano. Namba hizi ni za mfano tu. Za lori lenu tutazipata mizani.

Tuseme kibao kinasema ekseli ya mbele ibebe kilo 4,500, isizidi.

Tunakwenda mizani na lori tupu, tangi limejaa mafuta, dereva na utingo wamo. Magurudumu ya mbele peke yake yanapanda mizani. Tunapata kilo 3,000.

Mzigo wetu ni magunia 70 ya kilo 100. Hizo ni kilo 7,000. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 4. Katikati ya mzigo ni nusu mita mbele ya ekseli ya nyuma. Nusu mita katika mita 4 ni sehemu moja ya nane. Basi ekseli ya mbele inapata sehemu moja ya nane ya mzigo. Kilo 7,000 gawa kwa 8 ni kilo 875.

Injini ya zamani ina kilo 500. Mpya ina kilo 950. Imezidi kilo 450. Mimi nahesabu zote mbele. Ni heri kukosea upande wa usalama.

Injini kubwa inataka radieta kubwa na maji mengi. Tuseme kilo 60 zaidi. Nazo ziko mbele.

Injini yenye nguvu inataka gia boksi nzito. Tuseme imezidi kilo 120. Inakaa mita 1 nyuma ya ekseli ya mbele. Kama ile ndoo, mbele inapata sehemu 3 katika 4. Hizo ni kilo 90.

Tujumlishe:

Lori tupu, mbele: kilo 3,000
Sehemu ya mzigo: kilo 875
Injini imezidi: kilo 450
Radieta na maji: kilo 60
Gia boksi: kilo 90
Jumla: kilo 4,475

Kibao kinasema 4,500. Tumebakiza kilo 25. Hiyo ni nusu ya mfuko wa saruji.

Mwingine atasema, "Basi tumepita, fundi, funga!" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Je, magunia yetu ni ya kilo 100 kweli? Nani hapa hajawahi kuona lumbesa? Gunia la lumbesa likiwa na kilo 120, magunia 70 ni kilo 8,400. Gawa kwa 8. Ni kilo 1,050. Pale tulipoandika 875 sasa tunaandika 1,050. Jumla inakuwa kilo 4,650. Tumezidi kilo 150. Na bado hatujafunga ngao ya chuma mbele, wala hatujampakia mama mgonjwa na ndugu yake wanaokwenda hospitali.

Halafu kuna breki. Gari likifunga breki, uzito unakimbilia mbele, kama ninyi mnavyosukumwa mbele ndani ya basi. Anayetengeneza ekseli anajua jambo hilo na ameliwekea nafasi. Lakini nafasi hiyo ni ya breki na mashimo ya njiani. Si ya injini yako. Ukiila kwa injini, siku ya breki kali hutakuwa na akiba.

MNYORORO HUKATIKA PALIPO DHAIFU

Tunaposema ekseli ya mbele, msidhani ni kile chuma kirefu tu. Ni ukoo mzima. Kuna chuma chenyewe. Kuna kingipini na stabu ekseli. Kuna beringi na habu. Kuna rimu na matairi. Kuna springi na yu-bolti zake. Kuna breki. Kuna usukani na fimbo zake. Uwezo wa ekseli ni uwezo wa aliye dhaifu kuliko wote katika ukoo huo.

Kwa hiyo kuongeza majani ya springi si kuongeza nguvu ya ekseli. Hilo ndilo kosa letu la mwaka 1996. Springi ikiwa ngumu, lori linasimama wima na macho yanadanganyika. Lakini stabu ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile. Umemvalisha mgonjwa shati jipya, ugonjwa bado uko ndani.

Na matairi yanasoma pia. Tazameni ubavuni. Mtaona namba mbili zimekatwa kwa mstari, kwa mfano 146/143. Hizo si kilo. Ni namba za uzito katika orodha ya matairi. Namba 146 maana yake tairi moja hubeba kilo 3,000. Namba 143 ni kilo 2,725. Namba ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, kama la mbele. Ya pili ni ya matairi yanayokaa mawili mawili, kama ya nyuma. Mkiona 140, hiyo ni kilo 2,500. Matairi mawili ya mbele ya namba 140 hubeba kilo 5,000 kwa jumla. Hata kama ekseli ni ya kilo 6,000, kwa matairi hayo uwezo wenu ni kilo 5,000 tu.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani yenye matairi 2. Kwa ekseli moja yenye matairi 4 ni tani 10. Mtu atasema, "Sisi tuna tani 4 na nusu tu, sheria inaturuhusu tani 8!"

Hapana. Sheria hiyo inalinda barabara. Haisemi kwamba kila ekseli inaweza kubeba tani 8. Barabara yaweza kuzibeba, ekseli yako isiweze. Kuna kikomo cha sheria na kikomo cha kibao. Fuata kile kilicho kidogo.

Jambo jingine: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, kadi nayo irekebishwe. Usingoje kuulizwa barabarani.

TUFANYE NINI BASI?

Ndugu zangu, najua hali zenu. Lori hili ndilo mkono wenu wa kuume. Likisimama, viazi vinaoza shambani na mnunuzi anapanga bei anavyotaka. Sikuja kuwaambia mkae bila lori. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni injini yenye uzito kama wa ile ya zamani, lakini yenye nguvu zaidi. Zipo. Injini yenye tabo inasukumiwa hewa nyingi ndani ya silinda. Kwa hiyo inachoma mafuta vizuri na kutoa nguvu zaidi bila kuongeza uzito mwingi. Hata hivyo klachi, gia boksi na difu zichunguzwe, maana nguvu hiyo itapita humo. Hii ndiyo njia ninayoipenda mimi.

Njia ya pili ni kubadili ekseli nzima ya mbele, mtoe ya lori zito. Nasema nzima: chuma, stabu ekseli, habu, breki, springi. Msichukue nusu nusu. Hapa kazi ni kubwa. Upana wake ulingane na chasisi. Mahali pa springi palingane. Rimu ziingie. Breki za upepo haziwezi kuungwa na breki za mafuta hivi hivi tu. Fimbo ya usukani ikae vizuri, la sivyo lori litavuta upande kila springi inapobonyea. Mwisho magurudumu yapimwe mwelekeo wake. Na chasisi nayo iangaliwe kama inastahili uzito huo. Mkijumlisha gharama, mara nyingi injini ya bei rahisi inakuwa ghali.

Njia ya tatu ni kuifufua injini hii mliyo nayo. Itobolewe silinda, iwekewe pistoni na ringi mpya, pampu ya dizeli ipimwe. Haitapaa mlimani. Lakini itafika, na itarudi.

Kuna mambo ambayo mimi sitafanya, hata mkinilipa. Sitachomea ekseli ya mbele kwa weldingi. Sitaipasha moto ili niipinde. Chuma kile kimepikwa kiwandani kwa namna yake. Ukikipasha moto, nguvu yake inaondoka, na kwa macho huoni kitu.

KABLA HATUJANUNUA

Naomba tufanye mambo sita, na katibu ayaandike:

1. Tufute vumbi, tusome kibao cha lori. Kama kimepotea, tutafute kitabu cha lori hilo. Tusikisie.
2. Tupeleke lori mizani ya Makambako. Tupime mbele likiwa tupu, kisha tupime likiwa na mzigo wetu wa kawaida.
3. Tupate uzito wa injini mpya pamoja na gia boksi yake. Mwuzaji asipojua, iwekwe juu ya mizani. Hata viazi tunapima, sembuse injini.
4. Tusome ubavu wa matairi ya mbele.
5. Tufungue habu za mbele. Tuangalie kingipini, beringi na breki, na kama stabu ekseli ina ufa.
6. Tufanye hesabu kwa maandishi, mbele ya wote. Kama hatukubakiza akiba ya kutosha, tusinunue.

Hapo mzee mmoja alisimama akauliza: "Mwanangu, mwenye injini anataka arubuni Jumamosi. Tukichelewa ataiuza kwa wengine. Tufanyeje?"

Fundi alijibu: Mzee wangu, swali lako ni zuri. Mwache auze. Injini ziko nyingi. Utingo wenu ni mmoja, na mama yake namwona ameketi pale. Mizani ni mwendo wa siku moja. Kwenda na kurudi tutatumia dizeli kidogo. Mimi sitadai malipo ya siku hiyo. Deni langu ni la tangu mwaka 1996.



Baada ya mazungumzo, wanakikundi walikubaliana kutotoa arubuni. Waliwachagua watu wanne wafuatane na fundi kwenda mizani, wawili kati yao wakiwa akina mama waliohitimu kisomo. Hao ndio watakaoandika namba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kuongeza majani ya springi hakutoshi?
2. Lori lina kibao cha kilo 5,000 mbele. Likiwa na mzigo linapimwa kilo 4,300 mbele. Injini mpya imezidi ya zamani kwa kilo 600, na zote zinahesabiwa mbele. Je, inafaa?
3. Lumbesa inamwumiza mkulima sokoni. Je, inaliumiza lori namna gani?
4. Katika kijiji chenu, ni vyombo gani vina kibao cha uzito? Nani amekisoma?